Swali la Tatu

Hospitalini walimwita Bi Kaputi, na wagonjwa wengi walilijua jina kabla ya kuijua sura. Nusukaputi ndiyo kazi iliyomlisha yeye na wanawe kwa miaka ishirini na mmoja: kuwalaza watu wanaokwenda kupasuliwa, kuwalinda wakiwa hawajijui, kisha kuwaamsha. Hospitali ile haikuwa na mwingine wa kazi hiyo. Akipata homa yeye, visu vilipumzika. Akienda msibani, kina mama waliokwama katika uchungu walipakiwa kwenye gari la wagonjwa na kusafirishwa mwendo wa saa mbili, na si wote waliofika. Kwa hiyo Bi Kaputi alikuwa haugui, na misiba mingi ilimpita.

Wifi yake, dada mdogo wa mumewe, walimwita Redio, na aliyekaa naye dakika tano hakuuliza kwa nini. Alikuwa mwalimu wa chekechea. Watoto sitini aliwatuliza kwa mdomo mtupu, bila fimbo wala filimbi, kisha akarudi nyumbani na mdomo uleule akautumia kwa ndugu na jamaa. Mama yake mzazi aliapa kwamba mtoto huyo alianza kuongea akiwa bado ananyonya, na kwamba alikuwa akiachia ziwa ili amalizie sentensi. Wawili hao, Redio na Bi Kaputi, walitaniana kama mawifi wanavyotaniana, utani wenye ukweli wa kutosha kuuma na upendo wa kutosha kuponya.

Miezi minane Redio alikuwa anavuja damu. Alikuwa na uvimbe kwenye kizazi, mwingine mkubwa kama embe. Alificha mpaka siku alipoanguka mbele ya watoto wake sitini, nao wakadhani ni mchezo mpya, wakaanguka wote. Alipoletwa hospitali alikuwa mweupe viganjani. Akaongezwa damu, akapangiwa upasuaji.

Bi Kaputi alikwenda wodini kumshawishi akubali sindano ya mgongo, ile inayotia ganzi kuanzia kiunoni kushuka chini. Kwa mtu mwenye damu kidogo na chumba chenye dawa chache, aliona hiyo ndiyo njia nyepesi.

"Yaani nitakuwa macho?" aliuliza Redio.

"Utakuwa macho, ila hutahisi maumivu."

"Nitasikia makasi?"

"Utasikia tunaongea. Na vyuma vitagongana kidogo."

"Basi sitaki. Wifi, mimi nilaze. Nilaze kabisa, niwe kama gogo. Mnikate mnavyotaka, lakini mimi nisiwepo."

"Watu wazima wanapigwa hiyo sindano kila siku, wanatoka wanacheka."

"Hao ni watu wazima. Mimi ni mwoga." Alicheka, lakini alikuwa amemshika Bi Kaputi kifundo cha mkono na vidole vyake vilikuwa vya baridi. "Niahidi sitasikia kitu."

"Hutasikia hata mlango ukifungwa."

"Umemchukua kaka yangu, sasa nakupa na roho yangu. Ukoo wetu huu una bahati mbaya."

Wakacheka wote wawili. Bi Kaputi aliporudi ofisini alikumbuka kwamba mganga hajigangi, na kwamba chuoni walimfundisha asimlaze mtu wa kwake. Waliomfundisha hawakumwambia afanye nini endapo mlazaji ni mmoja tu.

Watu wengi hudhani nusukaputi ni dawa moja. Mgonjwa huona sindano ya dawa nyeupe, ile ambayo wenyewe huiita maziwa, inaingia mshipani, na kabla hajafika kumi katika kuhesabu, hayupo. Akiamka husema ilikuwa dawa kali. Hajui kwamba maziwa yale humshika kwa dakika chache tu, halafu humwacha. Anayemshika kwa saa nzima ni mvuke, unaotoka kwenye chombo cha chuma juu ya mashine na kupita kwenye mpira mpaka kifuani. Na baina ya hizo mbili kuna dawa nyingine ambayo Bi Kaputi hakuwahi kuizoea. Hiyo hailazi mtu. Hulegeza misuli tu, ili tumbo liwe laini na daktari afanye kazi. Aliyepewa hawezi kupumua mwenyewe, hawezi kukunja kidole, hawezi kuinua ukope. Aliyelala na aliye macho wakishapewa hiyo hufanana kabisa, na ukiwatazama usoni huwezi kusema yupi ni yupi.

Chombo cha mvuke walikiita chungu. Viwili vilikuwepo zamani: chungu chekundu cha halotheni, na chungu cha zambarau cha aisoflureni, kila dawa na chungu chake. Cha zambarau kiliharibika, kikapelekwa kutengenezwa, na aliyekipeleka alishastaafu. Halafu bohari likaacha kuleta halotheni. Zikaja chupa za aisoflureni tu, zenye pete ya zambarau shingoni, na chungu kilichobaki ni chekundu.

Fundi wa mitambo aliitwa, akakuna kichwa. "Hizi dawa mbili zinachemka karibu joto moja," alisema. "Ukiimimina hii kwenye chungu cha ile, namba unayoweka ndiyo itakayotoka. Chungu hakitakudanganya."

Na hakikudanganya. Tatizo ni kwamba aisoflureni ni dawa pole kuliko halotheni. Gurudumu likiwekwa kwenye namba nusu, halotheni, pamoja na sindano kidogo ya kutuliza maumivu, humlaza mtu. Nusu ya aisoflureni humbembeleza tu. Bi Kaputi alilijua hilo kama anavyojua njia ya kwenda chooni kwake. Lakini alijua pia kwamba mkono wake umezungusha gurudumu la chungu chekundu kwa miaka ishirini na mmoja, na mazoea yana taabu. Kwa hiyo alikata kipande cha plasta nyeupe, akaandika kwa wino mweusi: AISO, ZIDISHA. Akakibandika juu ya namba. Wiki mbili nzima, kila alipoufikisha mkono pale, kile kibandiko kilimkumbusha, naye akazidisha. Hakuna aliyedhurika.

Siku ya Redio ilikuwa Jumanne, saa tatu asubuhi. Aliingia chumba cha upasuaji akiongea, akapandishwa kitandani akiongea. Alimwambia sista wa chumba kwamba kofia yake ya kijani ingefaa hata harusini. Alimuuliza daktari mpasuaji kama amekunywa chai, kwa sababu hataki kukatwa na mtu mwenye njaa. Kisha akageuza macho kumtafuta Bi Kaputi, aliyekuwa nyuma ya kichwa chake.

"Wifi. Ulisema hata mlango."

"Hata mlango."

"Haya. Na mkimaliza mnia—"

Maziwa yakaukata mdomo katikati. Bi Kaputi akampa dawa ya kulegeza misuli, akapitisha mpira kooni, akafunga kope kwa plasta ili macho yasikauke, akafungua mvuke. Presha ikashuka. Themanini kwa hamsini. Damu ya Redio ilikuwa bado kidogo, na halotheni, ile aliyoizoea, ina tabia ya kuisukuma presha chini. Mkono wa Bi Kaputi ukafanya ulichofanya mara elfu: ukapunguza gurudumu, kutoka moja hadi nusu. Macho yake yalikuwa kwenye kioo cha presha. Presha ikapanda kidogo, akashukuru Mungu.

Kibandiko hakikuwepo. Jana yake walipita wakaguzi, wakasema karatasi na plasta kwenye mashine hubeba vijidudu, na sista, mtu msafi na mtiifu, akavibandua vyote na kupangusa kwa spiriti. Chungu chekundu kiling'aa kama kipya.

Saa tatu na dakika ishirini daktari alipasua. Kila dakika tano Bi Kaputi alitia nukta kwenye karatasi ya usingizi, nukta ya mapigo na nukta ya presha. Saa tatu na nusu mapigo yalikuwa tisini na nane. Akaongeza kasi ya maji ya mshipani.

"Huyu ndiye yule wifi yako wa maneno?" aliuliza daktari, bila kuinua kichwa.

"Ndiye. Miaka kumi na saba nimo katika ukoo huu, leo ndiyo mara ya kwanza naona redio imezimwa."

Sista alicheka mpaka barakoa ikamshuka puani. Daktari naye akatikisika mabega, akasimamisha mkono kwanza ili acheke salama. Bi Kaputi alifurahi. Chumba cha upasuaji chenye kicheko ni chumba chenye amani, ndivyo alivyozoea kusema.

Mia na kumi na mbili. Mia ishirini na sita. Akatia nukta, na nyingine. Akawaza: damu.

"Daktari, anavuja huko?"

"Pakavu kama jangwa. Kwa nini?"

Mia thelathini na nne. Presha mia na sitini. Mtu anayevuja damu presha yake hushuka. Hili hata mwanafunzi wa mwezi wa kwanza analijua, na Bi Kaputi alikuwa amekaa robo saa nzima akitia nukta zinazopanda na kujiambia ni damu. Akainama. Chini ya ile plasta ya jicho la kushoto maji yalikuwa yametoka, yakapita kwenye sikio, yakalowanisha shuka.

Hakuwa na haja ya kulifunua jicho, lakini alilifunua. Mboni ilikuwa pana na nyeusi. Akatazama chungu: nusu. Akatazama rafuni: chupa yenye pete ya zambarau. Akatazama mahali pa kibandiko, pakiwa patupu na safi.

Mikono ilifanya kazi bila kumngoja. Ilivunja kichupa cha mwisho cha maziwa, ikayasukuma mshipani, ikazungusha gurudumu mpaka mbili na nusu. Halafu akaweka mdomo kwenye sikio lililolowa, akasema kwa pumzi kuliko kwa sauti: "Wifi, nimejua. Nimejua uko macho. Nakulaza sasa hivi. Nisamehe."

"Kuna nini huko juu?" aliuliza daktari.

"Hakuna kitu. Endelea."

Mapigo yakashuka. Mia na ishirini, mia, tisini. Bi Kaputi akaitazama karatasi yake. Nukta nne zilikuwa zimepanda kama ngazi. Nukta nne ni dakika ishirini. Ameziandika yeye, kwa mkono wake, kwa mwandiko mzuri.

Kabatini mlikuwa na dawa moja ya kusahaulisha. Humfanya mtu asikumbuke yatakayotokea baada ya kupewa, lakini yaliyokwisha kutokea haiyafuti. Maji yakimwagika hayazoleki. Bi Kaputi aliwahi kuwafundisha wauguzi jambo hilo ubaoni, na alilijua pale alipokuwa anavunja kichupa, na alilijua pale alipokuwa anasukuma dawa. Alisukuma yote.

Baada ya kila upasuaji alikuwa na desturi moja aliyotoka nayo chuoni na hakuiacha hata siku ambazo wagonjwa walipangwa foleni. Mgonjwa akishazinduka vizuri, alimuuliza maswali matatu. La kwanza: kitu gani cha mwisho unakumbuka kabla ya kulala? La pili: kitu gani cha kwanza unakumbuka baada ya kuamka? La tatu: kati ya hapo, kuna unachokumbuka? Kwa swali la tatu watu hutikisa kichwa. Mzee mmoja alisema alikuwa anaendesha baiskeli mteremkoni, na akalalamika kwamba ameamshwa kabla hajafika. Hilo ndilo jibu la hatari kuliko yote aliyowahi kupewa.

Redio alizinduka saa sita kasoro. Alifumbua macho, akayapepesa mara nyingi, akamtazama Bi Kaputi na kuendelea kumtazama.

"Wifi," alisema Bi Kaputi. "Kitu gani cha mwisho unakumbuka kabla ya kulala?"

"Mlango," alisema Redio kwa sauti iliyokwaruzwa na mpira.

"Na baada ya kuamka?"

"Taa."

Swali la tatu lilikuwa mdomoni, limeshafika kwenye meno. Bi Kaputi alilimeza. Alimfunika shuka mpaka kidevuni, akamwambia apumzike, akaondoka haraka. Labda dawa ilisaidia, alijiambia. Labda maziwa yalikuwa bado damuni. Labda nukta zile zilikuwa za mwili tu, akili haikuwepo. Kwa siku mbili aliishi kwa hizo labda, akizihesabu kama tasbihi, na hakukanyaga wodi ya wanawake. Mumewe alimuuliza mbona haendi kumwona mgonjwa. Akasema kazi nyingi.

Siku ya tatu asubuhi daktari mpasuaji alimfuata kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akafunga mlango.

"Wifi yako halali," alisema. "Siku ya tatu leo. Akisinzia anaruka. Haongei. Jana alimwambia nesi kwamba alitusikia."

Bi Kaputi akakaa kwenye benchi, kiatu kimoja mguuni. Akamwambia yote: kibandiko, chungu, nusu, chozi.

Daktari hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeona kina mama wakifa barabarani.

"Ukisimamishwa wewe, hapa panafungwa," alisema. "Unajua wiki hii tuna wajawazito wangapi wa kupasuliwa. Watapelekwa wapi?"

"Najua."

"Ketamini huleta maruweruwe. Kila mtu anajua. Mgonjwa anaona malaika, anasikia sauti, anaapa ni kweli. Andika kwamba ulimpa ketamini. Mstari mmoja tu. Familia nitaongea nayo mimi."

"Sikumpa."

"Najua hukumpa. Nakwambia andika."

Akamwachia kalamu na faili la mgonjwa, akatoka. Ni kweli kwamba Bi Kaputi aliwaza wajawazito. Ni kweli pia kwamba aliwaza wanawe, na mumewe, na miaka ishirini na mmoja, na jinsi watu watakavyomtazama. Asiyewahi kuogopa ndiye amhukumu. Alitoa ile karatasi ya usingizi kwenye faili, akaandika kwenye nafasi ndogo iliyobaki kando ya nukta ya kwanza ya ile ngazi: Ketamini, miligramu hamsini, saa tatu na nusu. Mwandiko ulikuwa mzuri kama wa siku zote.

Alipotoka kitambo baadaye, hajafika mbali na chumba hicho, akakutana na mumewe anakuja kwa haraka, uso umefunguka kidogo kwa mara ya kwanza tangu juzi.

"Daktari ametueleza," alisema. "Kumbe ni dawa tu. Mama amepumua, maana tulishaanza kusema mtoto ameharibikiwa na akili. Sasa njoo umwambie mwenyewe. Wewe atakuamini."

"Daktari keshasema."

"Daktari hamjui. Njoo, mke wangu."

Akamshika mkono kama anavyomshika wanapovuka barabara, wakaenda. Bi Kaputi alikuwa na faili kwapani.

Kitanda cha Redio kilikuwa karibu na dirisha. Mama mkwe alikaa kwenye kiti cha plastiki miguuni pa mwanawe. Redio alikuwa ameketi, amejiegemeza ukutani, macho mekundu na makavu. Alikonda kwa siku tatu kuliko alivyokonda kwa miezi minane. Kilichomtisha Bi Kaputi kuliko vyote ni ule ukimya. Alisimama pale, na hakuna aliyemtania kwa kuchelewa kuja, hakuna aliyeuliza kama hospitali imemficha.

"Wifi yako amekuja," alisema mama mkwe. "Haya, mwanangu, muulize unalotaka."

Redio alikuwa anatazama faili.

"Wanasema niliota," alisema.

Bi Kaputi alilibana faili kwapani.

"Wewe ndiye unayejua haya mambo. Sema wewe. Ukisema niliota, nitaamini, wifi. Nitajilazimisha. Nitajua kwamba kichwa changu kinaweza kutengeneza kitu kama kile peke yake, na darasani sitarudi, kwa sababu mtu mwenye kichwa hicho hapewi watoto wa watu. Lakini nitakaa nacho. Sema tu nijue ninakaa na nini."

"Ni dawa, mdogo wangu," alisema mumewe Bi Kaputi kwa upole. "Mke wangu, si mwambie?"

Ilikuwa kazi ya neno moja. Ndiyo. Daktari alishalisema, karatasi ilishaliandika, mama mkwe alikwisha kulimeza. Bi Kaputi alifungua mdomo, na lililotoka ni lile alilolimeza siku ya Jumanne.

"Kati ya kulala na kuamka," alisema, "kuna unachokumbuka?"

Redio akajibu, polepole, kwa sauti ya mtu anayesoma ubaoni.

"Nilisikia baridi ya spiriti ikikauka tumboni. Nikasema, mbona sijalala, niwaambie. Mdomo haukuwepo. Nikasema nitafumbua macho, yalikuwa yamefungwa. Halafu akakata. Ilikuwa kama zipu, wifi, zipu ya moto, inakwenda inarudi. Nikatafuta kidole cha mguu. Kidole kimoja tu, kile kidogo, nikikikunja mtu ataona. Nilikisukuma kwa nguvu zangu zote. Nilikuita. Ulikuwa hapo nyuma ya kichwa changu, nasikia kalamu yako inaandika."

Mama mkwe alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Mkacheka," alisema Redio. "Ulisema redio imezimwa."

"Nilisema."

"Haikuzimwa. Mlikata sauti tu."

Kwenye kitanda cha pili mgonjwa aliyekuwa anakula aliweka kijiko chini. Mumewe Bi Kaputi alimgeukia mkewe, bado ana ile sura iliyofunguka nusu, akimngoja arekebishe jambo hili.

"Hakuota," alisema Bi Kaputi. "Hakupewa ketamini. Nimeiandika leo asubuhi, ni uongo. Dawa niliyomwekea ilikuwa ndogo. Mkono wangu ulikosea, na mapigo yalinionyesha, nikayaandika bila kuyaelewa. Alikuwa macho dakika ishirini. Alivyosikia ndivyo tulivyosema."

Akafungua faili pale pale kwenye kitanda, akachora mstari juu ya maneno ya asubuhi, akaandika pembeni yaliyotokea, na chini yake akatia sahihi na tarehe. Safari hii mwandiko ulikuwa mbaya. Alijua karatasi hiyo itafika wapi, na itafika lini. Alijua pia kuna mjamzito ambaye hakumjua jina, atakayewekwa kwenye gari la wagonjwa kwa sababu ya mstari huo.

Mama mkwe alisimama, akapita kando yake bila kumgusa, akatoka nje. Mumewe alibaki amesimama anamtazama kama anavyotazamwa mtu aliyebisha hodi nyumba siyo.

"Basi sina wazimu," alisema Redio.

"Huna, wifi."

Hapo akalia. Siku tatu hakuwa ametoa chozi, na sasa alilia kwa sauti, mdomo wazi, sauti iliyotoka chini kabisa penye mshono, ikafika korido, ikawafanya manesi wakimbilie mlangoni. Nesi mmoja alitaka kumtuliza. Bi Kaputi alimzuia kwa mkono.

"Mwache," alisema. "Alianza Jumanne."

Alilia mpaka sauti ikakauka. Bi Kaputi alinyoosha mkono kumshika.

"Usinishike," alisema Redio. Kisha, Bi Kaputi alipogeuka aende: "Lakini usiondoke."

Akavuta kile kiti cha plastiki karibu na dirisha, akakaa, mikono mapajani. Jua la saa nne lilikuwa limeingia mpaka katikati ya shuka. Redio aliteremka kwenye mto, akafumba macho. Papo hapo akayafumbua, kuhakikisha kama yanafumbuka. Akafumba tena, akafumbua. Akainua kidole kidogo cha mguu chini ya shuka, akakitazama kinavyocheza, akafumba, akafumbua. Bi Kaputi, aliyewalaza watu elfu kadhaa kwa mikono yake, alihesabu kila alipofumbua, mpaka arobaini, kisha akaacha kuhesabu.